Ugonjwa wa Sukari na Chakula cha Shambani

Ndugu msomaji, labda umekwisha kuona jambo kama hili. Mtu anaondoka Lulimba, anakwenda kutafuta dhahabu Misisi au kufanya biashara Baraka. Anapata fedha. Baada ya miaka michache anarudi nyumbani, tumbo limetokea mbele na mashavu yamejaa. Watu wanafurahi na kusema, "Tazama, amenona! Amekuwa mtu mkubwa." Kisha miaka mingine inapita, naye anarudi tena. Safari hii amekonda, nguo zinamlegea, na mtungi wa maji hautoki karibu naye. Watu wale wale wananong'onezana, "Amelogwa. Kuna mtu aliyeonea kijicho mali yake."

Ndugu, usikimbilie kusema hivyo. Huenda mtu huyo ana ugonjwa wa sukari, ambao huitwa pia kisukari. Kama ndivyo, unene ule tuliousifu na kukonda huku tunakokuogopa vimefuatana katika njia moja. Ugonjwa huu una kipimo, una dawa, na mara nyingi waweza kuzuiwa kabla haujaja. Lakini mtu anayepelekwa huku na huku kutafuta aliyemloga hupoteza siku zake, na pengine hupoteza macho, mguu au uhai.

Basi katika somo hili tutaeleza ugonjwa huu ni nini. Tena tutasimulia habari za daktari mmoja aliyefanya kazi miaka mingi Afrika ya Mashariki, naye akauona ugonjwa huu ulivyoongezeka watu walipobadili chakula chao.

UGONJWA HUU NI NINI?

Bugali, wali, ndizi, viazi na mkate vikiisha kuliwa, tumbo huvigeuza kuwa sukari. Usishangae. Hata chakula kisicho kitamu mdomoni hugeuka sukari ndani. Sukari hiyo huingia katika damu, na damu huipeleka mwilini mwote iwe nguvu ya kulima, kutembea na kufikiri.

Lakini sukari haiingii vizuri katika nyama za mwili pasipo kufunguliwa mlango. Ufunguo wa mlango huo huitwa insulini. Hutengenezwa na kongosho, kiungo kidogo kilicho nyuma ya tumbo. Ufunguo ukikosekana, au mlango ukiwa mgumu kufunguka, sukari hubaki katika damu. Mwili una njaa, na huku damu imejaa chakula. Ni kama nyumba yenye njaa na ghala limejaa, lakini mlango wa ghala umefungwa.

Kuna aina mbili kubwa za ugonjwa huu.

Aina ya kwanza huwapata hasa watoto na vijana. Kongosho yao haitengenezi insulini tena. Zamani karibu wote walikufa. Lakini mwaka 1922, huko Toronto katika nchi ya Kanada, madaktari walianza kuwadunga wagonjwa insulini, nao wakaishi. Mtoto mwenye ugonjwa huu anahitaji sindano kila siku. Mama wa mtoto huyo asijilaumu, maana haukuletwa na chakula alichompa.

Aina ya pili huwapata hasa watu wazima. Insulini ipo, lakini milango imekuwa migumu. Kongosho hufanya kazi kupita kiasi mpaka inachoka. Wagonjwa wengi wa kisukari wana aina hii, nayo hufuatana sana na unene, hasa mafuta ya tumboni. Lakini usisahau kwamba hata mtu mwembamba aweza kuupata. Tena ukiwa katika jamaa, baba au mama au ndugu wa tumbo moja, hatari huzidi.

DALILI ZAKE

Mgonjwa huona kiu kubwa. Hukojoa mara nyingi, hata usiku. Hula sana, na bado hukonda. Huchoka bila kazi. Macho huona ukungu. Vidonda vyake huchelewa kupona. Miguu hufa ganzi, hata akichomwa na mwiba hasikii. Wazee wengine waliutambua kwa sababu siafu na sisimizi walikusanyika mahali alipokojoa mgonjwa.

Wengine hawana dalili yo yote kwa miaka mingi. Kwa hiyo kipimo cha damu ndicho kinachosema kweli. Asubuhi kabla ya kula, sukari ya mtu mzima mwenye afya haifiki 100 (yaani miligramu katika desilita moja ya damu). Ikiwa kati ya 100 na 125, hilo ni onyo. Ikifika 126 au kupita, na kipimo cha siku nyingine kikionyesha vile vile, mtu huyo ana kisukari.

HABARI ZA DAKTARI TROWELL

Mwaka 1929 daktari kijana Mwingereza, jina lake Hugh Trowell, alifika Kenya. Baadaye alihamia Uganda, akawatibu wagonjwa na kuwafundisha madaktari katika hospitali ya Mulago, Kampala, mpaka mwisho wa miaka ya 1950.

Kazi yake ya kwanza kujulikana haikuhusu watu wanene. Ilihusu watoto wadogo. Aliwaona watoto walioachishwa ziwa, miguu imevimba, nywele zimekuwa nyekundu na nyepesi, ngozi inabambuka, wala hawataki kucheza. Kulikuwa na ubishi juu ya chanzo cha ugonjwa huo, na wengine walidhani ni minyoo. Mwaka 1954 Trowell na wenzake wawili, Davies na Dean, walichapisha kitabu juu ya ugonjwa huo, unaoitwa kwashiorkor, wakaonyesha kwamba watoto hao wanaugua kwa sababu ya lishe mbaya. Basi daktari huyu aliijua njaa. Hakuwa mtu wa kuwaambia maskini wale kidogo.

Lakini aliona jambo la pili. Alipofika Kenya, ilikuwa shida kumwona Mwafrika mnene. Ugonjwa wa sukari ulikuwa haba, na ugonjwa wa mishipa ya moyo, uliowaua wengi Ulaya, alikuwa haukuti kwa watu wa vijijini. Mwaka 1956 yeye na mwenzake waliandika habari za Mwafrika mmoja wa Afrika ya Mashariki aliyeshikwa na ugonjwa huo wa moyo. Mtu huyo alikuwa jaji, mnene, tena alikuwa ameishi miaka mingi Uingereza. Trowell akajiuliza: Ngozi yake ni ile ile, damu ya ukoo wake ni ile ile. Ni kitu gani kilichobadilika?

Mwaka 1960 alichapisha kitabu kikubwa juu ya magonjwa yasiyoambukiza katika Afrika. Humo alionyesha magonjwa yaliyojaa katika nchi za Ulaya na yaliyokuwa machache sana katika vijiji vya Afrika.

Trowell alirudi Uingereza, akawa kasisi wa kanisa. Mwaka 1970 alitembelea tena Afrika ya Mashariki. Akastaajabu. Katika miji aliona watu wanene wengi, na katika hospitali kubwa kulikuwa na siku za kuwatibu wagonjwa wa sukari, nao walikuwa wengi. Aliyaona magonjwa haya mawili, unene na kisukari, kuwa kama mapacha.

NI KITU GANI KILICHOBADILIKA?

Trowell alikuwa na rafiki, daktari wa upasuaji jina lake Denis Burkitt, aliyefika Uganda mwaka 1946. Wote wawili walianza kutazama chakula. Mwanakijiji wa Uganda alikula ndizi, viazi vitamu, mahindi, maharagi, karanga na mboga za majani, karibu kama vilivyotoka shambani. Mtu wa mjini alikula mkate mweupe, sukari, mafuta mengi na vinywaji vitamu.

Tofauti moja waliyoishika sana ni nyuzinyuzi za chakula. Hizi ni zile sehemu za mmea ambazo tumbo haliwezi kuzisaga zikaisha: ganda la maharagi, ganda la punje ya mahindi, nyuzi za majani na matunda. Zamani wengi walidhani ni takataka tu, wakazitoa kwa mashine ili unga uwe mweupe.

Mwaka 1972 Burkitt, pamoja na Walker na Painter, walichapisha hesabu ambayo yaweza kukuchekesha, lakini ina maana. Walipima choo cha watu. Wanakijiji wa Uganda walitoa zaidi ya gramu 400 kwa siku, na chakula kilipita mwilini kwa siku moja na nusu hivi. Waingereza waliokula chakula cheupe walitoa karibu gramu 100, na chakula kilikawia siku tatu na zaidi.

Mwaka 1975 Trowell aliandika kwamba kukosa nyuzinyuzi ni chanzo kimoja cha kisukari cha watu wazima. Alieleza hivi: chakula chenye nyuzinyuzi hushibisha mapema, kwa hiyo mtu hali kupita kiasi. Tena sukari yake huingia katika damu polepole. Lakini unga mweupe na maji ya sukari huingia kwa haraka, kama mafuriko, na kongosho hulazimika kukimbia.

JE, YOTE ALIYOSEMA NI KWELI?

Ni vizuri kuuliza. Mwaka 1974 Trowell alionyesha kwamba Uingereza, wakati wa vita kuu vya pili na miaka iliyofuata, watu waliokufa kwa kisukari walipungua. Miaka ile serikali iliamuru unga usiondolewe maganda yote, naye alidhani hiyo ndiyo sababu. Lakini wengine walimjibu, "Wakati ule ule watu walipimiwa sukari, nyama na mafuta. Utajuaje ni kipi kilichowasaidia?" Neno hilo lilikuwa la haki. Nyuzinyuzi peke yake si habari yote. Kuna uzito wa mwili, kuna kazi ya mikono iliyopungua, kuna vinywaji vitamu, na kuna urithi wa ukoo. Tena zamani wagonjwa wengine walikufa bila kupimwa, hawakuhesabiwa.

Lakini jambo kubwa alilosema Trowell limethibitishwa na wengine. Tutazame ng'ambo ya ziwa letu, Tanzania. Mwaka 1989 madaktari walichapisha habari za vijiji sita, ambako walipima damu ya watu wazima zaidi ya 6,000. Wenye kisukari hawakufika hata mtu 1 katika 100. Mwaka 2000 wengine walichapisha vipimo vya mtaa mmoja wa Dar es Salaam na kijiji kimoja cha Kilimanjaro. Kijijini walikuwa kati ya 1 na 2 katika 100. Mjini walikuwa karibu 6 katika 100. Nchi ni moja, lakini maisha ni mbalimbali.

Tena kuna habari njema. Wataalamu wa Finland mwaka 2001, na wa Marekani mwaka 2002, waliwachukua watu wanene ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda lakini hawajawa wagonjwa. Waliwafundisha kula vizuri, kupunguza uzito kidogo, na kutembea kama nusu saa kwa siku tano za juma. Kwa watu hao, ugonjwa ulipungua zaidi ya nusu kuliko kwa wale walioachwa waendelee kama zamani. Hawakuhitaji chakula cha kitajiri. Kilichowasaidia ni mwendo, kiasi, na chakula cha asili.

CHAKULA CHETU HAPA

Watu wengine huona haya kula sombe na maharagi mbele ya mgeni. Hudhani ni chakula cha maskini, na kwamba heshima ni mkate mweupe na kinywaji cha chupa. Ndugu, fikiri tena. Chupa moja ndogo ya kinywaji kitamu ina sukari gramu 30 au zaidi. Hiyo ni kama vijiko vidogo saba au nane. Je, ungekubali mtu akutilie vijiko vinane katika kikombe kimoja cha chai?

Sikiliza mashauri haya, hasa kama wewe ni mnene, au kama kuna kisukari katika jamaa yenu:

1. Usiache maharagi, sombe, lengalenga, matembele, karanga na matunda. Hivyo ndivyo vyenye nyuzinyuzi. Unga wa muhogo hauna nyingi.

2. Bugali usiwe mlima. Kwa mtu asiyefanya kazi nzito, donge lenye ukubwa wa ngumi yake latosha. Mboga na maharagi viwe vingi kuliko bugali. Ndagala na samaki wa ziwa ni chakula chema.

3. Ukisaga mahindi, saga pamoja na ganda lake. Usitamani weupe wa unga.

4. Kunywa maji safi. Vinywaji vitamu vya chupa usivifanye desturi. Punguza sukari ya chai polepole mpaka ulimi uzoee. Pombe pia huongeza unene.

5. Mawese ni chakula, lakini mafuta hunenepesha upesi. Pima kwa kijiko, usimimine tu. Maandazi yasiwe ya kila asubuhi.

6. Tembea na ulime. Mtu aliyenunua pikipiki asisahau kwamba ana miguu.

KIPIMO CHA KAMBA

Kama huna mizani, chukua kamba. Mwambie mwenzako akupime kutoka utosini mpaka chini ya kisigino, aikate kamba hapo. Kisha ikunje mara mbili. Zungusha kamba hiyo iliyokunjwa kiunoni, juu ya kitovu kidogo, usivute tumbo ndani. Kama ncha zinakutana, ni vema. Kama hazikutani, mafuta ya tumboni yamezidi, na yafaa ukapimwe sukari. Kipimo hiki ni cha watu wazima. Mama mwenye mimba asikitumie.

NENO JUU YA WENYE NJAA

Usisome somo hili kisha ukamnyime mtoto chakula. Katika nchi yetu watu wengi wamekimbia vita, wameacha mashamba, nao hawana chakula cha kutosha. Kwashiorkor bado iko. Mtoto mwembamba ahitaji maziwa, maharagi, mayai, samaki, karanga na mafuta. Nyumba moja yaweza kuwa na baba mnene kupita kiasi na mtoto aliyevimba miguu kwa utapiamlo. Hapo chakula chagawanywe vizuri. Baba apunguze bugali wake, na samaki amwendee mtoto kwanza.

KAMA UMEKWISHA KUPATA UGONJWA HUU

Usikate tamaa, wala usijifiche. Fuata mambo haya:

Usiache dawa kwa sababu unajisikia vizuri. Unajisikia vizuri kwa sababu ya dawa. Mtoto mwenye sindano za insulini akiziacha, hata kwa siku chache, aweza kufa. Kuomba Mungu na kutumia dawa havigombani. Mtu akikuambia utupe dawa ili kuonyesha imani, usimsikie.

Kanisa likitangaza siku za kufunga, wewe unayetumia dawa za sukari usifunge kabla ya kumwuliza daktari au muuguzi. Sukari yaweza kushuka ghafula. Ukitokwa na jasho baridi, ukitetemeka, na mawazo yakivurugika, kunywa mara moja maji yenye vijiko vidogo vitatu au vinne vya sukari, kisha ule chakula. Hapo sukari ni dawa. Mgonjwa aliyezimia asitiliwe kitu mdomoni. Apelekwe hospitali upesi.

Kila jioni osha miguu, uikaushe katikati ya vidole, uitazame vizuri. Vaa viatu hata shambani. Kidonda kidogo usikidharau, wala usikichome kwa moto. Njoo nacho hospitali kingali kidogo.

Nawe mchungaji, mzee wa kanisa, au kiongozi wa akina mama, ukimwona mtu amekonda na ana kiu isiyokwisha, usiache maneno ya uchawi yaenee. Mshike mkono, umlete apimwe. Tone moja la damu laweza kumaliza ugomvi wa ukoo mzima.

MASWALI YA KUKUMBUKA

1. Kwa nini mgonjwa wa sukari ana njaa na huku damu yake imejaa sukari?
2. Taja dalili nne za kisukari.
3. Daktari Trowell aliona tofauti gani kati ya mwaka 1929 na mwaka 1970?
4. Nyuzinyuzi za chakula zapatikana katika vyakula gani vya shamba lako?
5. Onyesha jinsi ya kujipima kwa kamba.
6. Mgonjwa anayetumia dawa za sukari afanye nini kabla ya kufunga?